Sahani Mbili za Tofi na Kashata za Mama

Dada yangu Riziki,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote waliomo humo nyumbani. Hapa, kwa ada, ndipo ningekuandikia kwamba mimi ni mzima na kwamba natumai nanyi mu wazima. La kwanza naliandika: mimi ni mzima, alhamdulillahi, Doha haijaniyeyusha bado ingawa jua lake linajitahidi. La pili siliandiki, kwa sababu ndilo swali lililonifanya nitafute karatasi na kalamu kama mtu wa zamani. Mama ana nini, Dada?

Kwa simu nimekuuliza mpaka nimechoka. Nikianza tu, unacheka kabla sijamaliza, kisha unaniuliza kama huku mvua imenyesha, kana kwamba hujui naishi jangwani. Nikimtaka Mama, Mama anaswali. Nikingoja nikapiga tena, bado anaswali. Swala gani hiyo inayoshinda tarawehe kwa urefu? Siku nyingine amelala, siku nyingine ameitwa matangani Kikoneni. Picha ya video ndiyo hutaki kabisa, mara mtandao, mara kioo kimevunjika. Na ile siku moja niliyokukazania mpaka ukampa simu, alisema, "Mishi mwanangu, hujambo," akanyamaza, na hayo maneno yalitoka mazito kama mtu aliyejaza kitu mdomoni. Ukachukua simu mbio ukaniambia anatafuna tambuu. Dada, Mama aliacha tambuu tangu magego yalipomtoka. Mimi niko mbali, lakini si mgeni wa nyumba ile.

Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuicheka katikati wala kuikatia mtandao. Anakuja nayo Bakari wa Kikoneni, mlinzi wa jengo tunamolala, anayekwenda kwao likizo. Nimemwambia akufikishie mkononi, Msambweni, mlangoni, asikubali ukimwambia mkutane Ukunda. Kwa nini nimesema hivyo utajua mbele.

Kwanza nikupe habari za kazi, maana ndizo zilizonifikisha hapa. Bado niko supamaketi, kwenye rafu za pipi na chokoleti. Watoto wako wananionea gere, wanadhani nashinda nikilamba. Waambie harufu ya sukari ukiinusa kutwa inakufanya utamani dagaa. Duka letu lina pipi zake lenyewe, zenye jina la duka, katika mifuko isiyo na urembo wowote, nazo hukaa rafu ya chini kabisa mpaka mtu ainame. Juu, usawa wa macho, zinakaa za makampuni makubwa ya Ulaya, za makopo ya rangi ya dhahabu na utepe. Kwa bei ya kopo moja la juu unabeba mifuko ya chini mpaka kikapu kinalemea.

Sasa msimamizi wetu, Bwana Faruk, akapata wazo. Alitaka watu waziinamie zile za chini. Akaniambia, "Mishi, wewe una uso wa kuaminika. Simama mlangoni na sahani mbili. Moja tia tofi zetu, nyingine tofi za kopo, uzivue makaratasi zote. Watu waonje, waseme ipi ni ya bei." Basi nikasimama pale siku kadhaa, nimejifunga aproni nyekundu, natabasamu mpaka mashavu yanauma, kama yule anayewekwa mlangoni harusini kuwarashia watu marashi.

Nimecheka sana, Dada, lazima nikwambie. Akaja mzee mmoja wa kanzu nyeupe, nadhifu, ananukia udi. Akaonja ya sahani ya kwanza, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Hii ndiyo yenyewe. Hii nimeila tangu utotoni, huwezi kunidanganya." Ilikuwa ya mfuko. Nilipomwambia, alikasirika, akasema nimezibadilisha sahani, akamwita Bwana Faruk, akateta naye kwa Kiarabu cha haraka, kisha akaenda zake akanunua kopo la dhahabu. Kisha akaja mama mmoja wa Kifilipino aliyetoka kazini, amechoka, kabeba viatu vyake mkononi. Akala ya huku, akala ya huku, akasema, "Zote tamu. Nipe iliyo nyingi." Huyo nilimpenda.

Mwanzoni hata mimi sikuwa najua ipi ni ipi. Nikijipima kwa siri nilikuwa nabahatisha tu. Lakini ulimi nao husoma ukipelekwa chuoni. Tofi ya kopo inavunjika kwanza, ndipo inalainika, na utamu wake unakuja taratibu na ladha ya siagi. Ya mfuko inaanza kwa kishindo cha sukari, inang'ang'ania menoni, na ukishaimeza inakuachia utando wa mafuta juu ya kaakaa, kama mchuzi uliopoa. Chokoleti ndiyo mbali zaidi, ile ya rahisi haiyeyuki, inasagika tu kama mshumaa. Lakini peremende za mnanaa, wallahi, ni zilezile. Hapo mtu ananunua kopo na utepe. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeajiriwa nikitembeze kibaya, na kwenye mnanaa hakikuwa kibaya hata kidogo, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wateja. Bwana Faruk alifurahi, akaniambia nitasimama na sahani mpaka Ramadhani.

Ikawa ugonjwa. Naonja kila kitu kwa kukikagua. Chai, mkate, hata maji ya bomba la jengoni. Nabirye, Mganda tunayelala dabodeka moja, yeye juu mimi chini, ananiita inspekta.

Na ulimi huo ndio uliokutana na kashata.

Salma wa Kombani alirudi kutoka likizo Ijumaa. Hata begi hakulitua vizuri, akanikabidhi pakiti iliyofungwa kwa kitambaa cha leso kuukuu, akasema, "Mzigo wako huu. Dada yako kasema ni za mamako, kazipika mwenyewe." Nilirukaruka kama mtoto. Kisha nikamuuliza Mama umemwonaje. Salma akasema, "Mimi sikufika kwenu, Mishi. Nilitaka nije, dada yako akanambia nisijisumbue, akanifuata yeye mwenyewe mpaka Ukunda, pale kwenye tuk-tuk. Alikuwa na haraka, hata soda hakutaka." Sasa umeelewa kwa nini Bakari nimemkataza Ukunda. Tangu lini mgeni anayetoka kwa mtoto wa Mama akazuiwa asifike kwa Mama? Mama yetu angemchinjia kuku.

Nikaifungua pakiti kitandani. Harufu ya iliki ikajaa chumba kizima, na wenzangu wakasogea. Nikaigawa kidogo. Nabirye alisema hajala kitu kama kile tangu azaliwe. Salma alisema, "Hizi ndizo za nyumbani hasa." Nami nikaweka moja mdomoni, na furaha ikaniishia palepale.

Unazijua kashata za Mama. Ukiziuma zinakubali mara moja, zinapukutika, nazi kavu ndani ya sukari yake. Hiyo ni kazi ya mkono. Kukoroga bila kupumzika juu ya moto mdogo mpaka ule uji wa nazi uanze kuachana na sufuria, na hapo ndipo wengine huchoka wakaipua, naye huendelea. Hizi zilivutika. Ziliganda menoni kama tofi za mfuko. Nikala ya pili nimefumba macho, kama ninavyowaambia wateja wangu wafanye. Ni hivyohivyo. Nabirye akaniuliza, "Nini? Imeharibika?" Nikamwambia hapana, ni tamu.

Dada, hazikukorogwa na Mama. Umezipika wewe, kisha ukanipelekea kwa jina lake ili ninyamaze. Umeniona mimi ni mteja wa mlangoni, wa kuwekewa sahani mbili na kubahatisha? Nimekasirika, na sitaki kujifanya sikukasirika. Najua desturi yetu. Aliye mbali haambiwi. Marehemu Babu alipoanguka, Ami alikuwa Mombasa tu hapo, mwendo wa feri, na bado hakuambiwa mpaka siku ya kuzika, ati asitiwe wasiwasi. Na Ami mpaka leo ukimtajia anatoka barazani. Mnaniwekea hayo mimi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na hawakusema yule aliye mbali asamehewe hilo. Wasiwasi ninao tayari. Ninakula nao na ninalala nao. Nikijua nitashika kitu kimoja nikakililia. Nisipojua nalilia kila kitu.

Niliiacha barua hapo jana. Kalamu ilikuwa inatoboa karatasi.

Leo kazini nilikuwa bure kabisa. Niliipanga rafu ya kati nikaipangua, nikaipanga tena. Nikatia tofi za kopo kwenye sahani zote mbili. Mteja akaniambia hizi ni sawa, nikamwambia hapana, onja vizuri, na yeye, masikini, akaonja tena. Bwana Faruk akaniita pembeni akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nina mama.

Niliporudi nikaamua nikurudishie kashata moja ndani ya bahasha hii, iwe shahidi wangu, ukiiona usiweze kukana. Nikaziweka zilizobaki kwenye kifuniko cha sufuria, upande laini uliolala siniani chini, nichague iliyokaza. Nikaziangalia. Kuna kitu kilinikera na sikukijua ni nini. Nikazipanga safu kama zinavyokaa kwenye sinia. Bado. Basi nikafungua simu, nikatafuta ile picha ya Idd, Mama amesimama nyuma ya sinia zake kwa fahari, nikaikuza mpaka nikaona vipande.

Mama hukata mshazari. Virefu kidogo, vyembamba, vyote vimeelemea kulia. Wewe ukikata ni hivyo, mimi nikikata ni hivyo, ndivyo mkono unavyokwenda. Hivi vilivyo mbele yangu vimeelemea kushoto, vyote, na mistari yake imepinda, kisu kimekwenda kikasimama, kikaenda tena.

Nyumba yetu haina mwenye shoto. Hakuwahi kuwepo.

Nilikaa chini sakafuni. Nabirye akashuka kutoka kitanda chake akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama yangu amepika.

Kwa hiyo nimekusingizia, Dada, na nilichokuandikia juu sikifuti, kibaki, ujue nilivyokuwa. Lakini nimekosea. Ni zake. Ndiyo maana iliki ilikuwa sawasawa, ile ya kutwanga na maganda yake kidogo, ambayo wewe huna subira nayo. Mkono ndio uliokosekana. Amekoroga kwa wa kushoto mpaka ukamshinda, akaipua kabla ya wakati wake. Kisha akachukua kisu, kwa huohuo wa kushoto.

Mama! Mama aliyekuwa akitupiga kofi la mgongo wa mkono tukimpokeza mtu hata kikombe cha maji kwa kushoto. "Mkono huo una kazi yake, na chakula si kazi yake." Aliyemrudishia muuza maandazi maandazi yake yote kwa sababu aliyachukua kwa kushoto, na kilio chetu hakikumtikisa. Sijui alijisikiaje, Dada. Sijui kama alisema bismillahi mara mbili. Na sinia ile ya bati huteleza mtu akikata kwa mkono mmoja, lazima kuna mtu alimshikia. Ni wewe uliyemshikia, sivyo? Ulisimama pale ukamshikia sinia, ukamtazama akikata, ukanyamaza kwa sababu alikwambia unyamaze. Na nadhani ulimwambia, "Mama, niache nipike mimi." Naye akajibu nini? Namsikia kabisa. "Ukipika wewe, Mishi atajua."

Nimelia, nakwambia wazi. Kisha nikaosha uso.

Sasa niambie, maana hakuna cha kuficha tena. Ni kiharusi? Kilimpata lini? Ni mkono peke yake au na mguu? Anatembea mpaka uani mwenyewe? Daktari kamwona, au mmeishia kumchua kwa mafuta ya habasoda? Anameza vizuri? Mdomo umekaa sawa? Anaswali ameketi? Hayo ya swala nayauliza kwa dhati, kwa sababu nadhani ndipo mlipoupata ule uongo wenu, kumbe ulikuwa nusu kweli, anachukua muda mrefu kwa sababu kila kitu sasa kinachukua muda mrefu. Niandikie au nipigie ukiwa mbali naye, uwanjani, hata huko shambani, useme yote. Sitapiga kelele. Na kama nitapiga kelele utavumilia, wewe ni mkubwa.

Kuhusu mimi, nimeshamwendea Bwana Faruk leo hii jioni. Alisema likizo ni baada ya Idd, kwa sababu Ramadhani ndiyo wakati wa pipi, na anayeondoka sasa nafasi yake haingoji. Hakuwa mkali. Alisema tu kama mtu anayekusomea maandishi ya ukutani. Nikamwambia azipe sahani hizo uso mwingine wa kuaminika. Nakuja, Dada. Nikipewa ruhusa nakuja na kazi yangu, nikinyimwa nakuja bila kazi, na riziki ni ya Mungu. Usinikataze. Ukinikataza nitajua ni yeye anayesema kwa mdomo wako. Najua atakasirika nikiingia mlangoni ghafla. Atasema nimeacha kazi ya watu kwa sababu ya mkono wa mwanamke mzee. Mwache akasirike, nataka nimsikie akikasirika.

Lakini kabla sijafika, nakuomba jambo moja, na hili ni zito kuliko yote niliyoandika. Usimwambie nimejua. Barua hii isome peke yako, na akikuuliza Mishi kaandika nini, mwambie kaandika upuuzi wa pipi na mzee wa kanzu. Kile kipande nilichosema nitakurudishia sikitii tena kwenye bahasha, asije akakiona.

Nisalimie shemeji Hamisi, mwambie tuk-tuk yake ndiyo itakayonipokea, aitengeneze ile siti ya nyuma inayofinya watu. Nisalimie Ami, umbusu mkono, umwambie mimi sitangojeshwa mpaka siku ya kuzika, naye ataelewa. Nisalimie Bi Mwanajuma jirani, ambaye naamini anajua kila kitu na amejikaza kishujaa kutonipigia. Watoto wako wabusu, pipi zao zipo kwa Bakari, za mfuko na za kopo zimechanganywa, wabahatishe wenyewe.

Na Mama mshike mkono wake wa kulia kwa niaba yangu, hata kama hausikii. Mwambie kashata zimefika. Mwambie Mishi kazila, kawagawia na wenzake, na kasema ni zilezile, hakuona tofauti yoyote.

Ni mimi mdogo wako asiyetulia,
Mishi